Dakika Mbili za Kuku Sita

Mtu akijigamba mbele yako kwamba Marekani mwananchi husikilizwa na wakubwa, usibishane naye. Muulize tu: saa ngapi? Akikutajia saa, jua huyo hajakanyaga kamati ya bunge la jimbo la Texas.

Tangazo la kikao nilichokwenda mimi lilikuwa limekamilika kweli kweli. Tarehe ilikuwepo, namba ya chumba ilikuwepo, na orodha ya miswada ya serikali za mitaa ilijaza ukurasa. Ila mahali pa saa waliandika kwamba kamati itakaa bunge likishaahirisha shughuli zake za siku. Nikamuuliza dada wa mapokezi, kwa upole wote niliolelewa nao, bunge huahirisha saa ngapi. Akatabasamu. "Likimaliza." Na humaliza lini? Akatabasamu zaidi. Nikatafuta pa kukaa.

Kilichonipeleka Austin, liliko bunge hilo, ni kuku. Chekeni sasa hivi mmalize, maana jambo lenyewe si la mchezo. Machi 2025 bei ya dazeni moja ya mayai nchini humu ilifika wastani wa dola 6.23, kwa sababu ya mafua ya ndege yaliyofyeka kuku mashambani. Mama watoto, aliyekulia Muheza kuku wakimpita miguuni, alisimama mbele ya jokofu la dukani, akatoa kasha la mayai, akasoma bei, akalirudisha taratibu, kisha akaniangalia mimi. Sijui kwa nini aliniangalia mimi.

"Baba, ua tunao, mbao tunazo," akasema tulipofika nyumbani. "Tufuge."

Nikaingia kwenye tovuti ya mji wetu kutafuta sheria ndogo inayohusu ufugaji. Nikaipata. Inataka banda la kuku liwe mbali na nyumba ya jirani kwa umbali ambao ua wangu wote, ukiupima pembe kwa pembe, haufiki. Ili nitii sheria ingenibidi nilijenge banda katikati ya barabara ya lami. Nilipomweleza mama watoto, aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu: nchi ambayo mtu mzima anatembea na bastola kiunoni bila kuomba kibali, inakuwaje kuku ndiye wa kuombewa ruhusa? Na kweli, tangu Septemba 2021, watu wengi wa Texas waliotimiza miaka 21 hawahitaji kibali cha kubeba bastola. Ila bastola haitagi.

Ndipo niliposikia kuna mswada. Ungepita, mji usingeweza kumkataza mkazi wake kufuga kuku sita. Majogoo mji ungeweza kuendelea kuwapiga marufuku, jambo nililoliona la busara, kwa kuwa hata mimi nina usingizi wangu.

Hapa lazima nieleze utaratibu wa huku, la sivyo mtadhani nimeruka diwani nikaenda kumsumbua mbunge. Texas mji wenye wakazi zaidi ya 5,000 unaweza kujiandikia hati yake ya kujitawala, haki iliyoingizwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1912. Mji unajipangia taka, mbwa, maegesho, na kuku. Lakini bunge la jimbo likiamua kwamba mmejitawala kupita kiasi, linapitisha sheria na kile mlichojipangia kinafutika. Watu wa mji wa Denton walipiga kura Novemba 2014 kukataza kupasua miamba kwa ajili ya gesi ndani ya mji wao; kufikia Mei 2015 sheria ya jimbo ilikuwa imeshazima katazo lao. Laredo walipiga marufuku mifuko ya plastiki madukani. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema sheria ya jimbo haiwaruhusu. Austin na Dallas ziliagiza vibarua wa ujenzi wapewe dakika kumi za kupumzika na kunywa maji kila baada ya saa nne, kwenye jua la huku ambalo halina utani. Mwaka 2023 bunge likatunga sheria pana ya kuzuia miji isitunge kanuni zake katika mambo chungu nzima, mapumziko hayo yakiwemo, na mji wa Houston ukakimbilia mahakamani.

Na wabunge haohao, Washington ikiwaambia fanyeni hivi, utasikia kelele hadi mpakani. Serikali ya mbali, wanasema, haiwezi kujua shida za watu wa mahali. Kisha wanageuka kuiambia Denton.

Mwaka 2023 nilikasirika sana kuhusu ile sheria ya dakika kumi. Nilisema mezani, watoto wakiwa mashahidi, kwamba mji uachiwe mambo yake. Safari hii nilikwenda kuliomba jimbo liuvunje mkono mji wangu mwenyewe. Msinitazame hivyo. Kanuni ni kanuni, na mayai ni mayai.

Jengo la bunge lenyewe ni la kupendeza, sina kinyongo nalo. Lilikamilika mwaka 1888, la mawe ya granito yenye wekundu wa machweo, na wenyeji hawatakuacha uende kabla hawajakuambia kwamba ni refu kuliko lile la Washington. Ila uzuri huo ni wa watalii. Mwananchi mwenye shida huteremshwa chini ya ardhi, kwenye nyongeza iliyofunguliwa mwaka 1993, ambako kamati nyingi hukaa. Huko hakuna dirisha la kukuonyesha kama jua limezama, na kiyoyozi kimewekwa kana kwamba wanahifadhi samaki. Wenye uzoefu walikuja na masweta. Mimi nilikuja na shati la kitenge la mikono mifupi, ili nipendeze.

Kwanza unajiandikisha kwenye mashine. Jina lako, unakoishi, mswada gani, na msimamo wako: unaunga mkono, unapinga, au unazungumza "kuhusu" mswada bila kuegemea upande. Nafasi hiyo ya tatu ingetufaa sana kwenye vikao vya harusi. Halafu mashine inakuuliza unamwakilisha nani. Nikaandika: mimi mwenyewe. Kijana aliyekuwa mbele yangu, suti ya bluu, viatu vinavyong'aa, alijiandikisha kwenye miswada mingi kwa mpigo, kila mmoja na chama chake cha wafanyabiashara, vidole vikienda bila yeye hata kutazama. Huyo ni mshawishi. Kazi yake ni kungoja. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini bila malipo. Yeye kila saa iliyopita ilikuwa inaingia kwenye ankara ya mtu. Tulikaa viti vinavyofanana, tukapigwa na baridi ileile, mmoja anazidi kutajirika na mwingine anazidi kufilisika.

Kamati ikaanza jua likiwa, nadhani, linaelekea kuzama. Miswada iliyotangulia ndiyo iliyonifundisha Texas kuliko miaka yote niliyoishi huku. Katiba yao, kwa sehemu kubwa, inakataza kutunga sheria ya kuhusu mahali pamoja kwa jina. Basi wafanyeje, na mbunge anataka jambo la kaunti yake tu? Wanaandika kwamba sheria itahusu kaunti yenye wakazi zaidi ya kiasi fulani lakini wasiozidi kiasi fulani, inayopakana na Ghuba ya Meksiko, na ambayo ndani yake mna chuo kikuu cha umma. Kaunti ziko 254. Ukishaweka masharti matatu inabaki moja, na chumba kizima kinaijua, na mwakilishi wake kakaa pale anakuna kidevu.

Wajameni, huo si mpasho huo? Kwetu mwanamke anavaa leso yenye maneno, anapita polepole mbele ya nyumba ya jirani mwenye mlango wa kijani, mwenye mume wa meli, mwenye mdomo, na akiulizwa anasema: mimi nimemtaja nani? Nilidhani ni sanaa ya pwani peke yake. Kumbe kuna watu wanaivalia tai.

Wajumbe wenyewe walikuwa wakiingia na kutoka. Mwanzoni niliona ni dharau, kisha nikahesabu na huruma ikanishika kidogo. Bunge hili hukaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, na mshahara wa mbunge ni dola 600 kwa mwezi. Katika kikao cha 2025 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000. Mtu ana kamati mbili au tatu kwa siku hiyohiyo, anakaa hapa dakika kumi, msaidizi anamnong'oneza, anatoka mbio kwenda kupiga kura kwingine. Wenyeji wana utani wa tangu zamani kwamba katiba ilikosewa kuandikwa: bunge lilipaswa kukaa siku mbili kila baada ya miaka 140. Huruma yangu ilidumu hadi nilipoona mmoja wao anarudi na sahani ya nyama ya kuchoma.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja akiwa na sare ya hospitali. Alikuja kuzungumzia mfereji wa maji ya mvua unaomwaga kila kitu kwenye baraza ya nyumba yake. Alikuwa na kijidaftari, na kila mara alipopita mtu mbele yake alikifungua akakisoma tena kwa midomo bila sauti. Zamu yake ya usiku ilipokaribia akaangalia mlango, akaangalia orodha, akakifunga kile kijidaftari, akaondoka. Mswada wake ulipofika jina lake likaitwa. Mwenyekiti akasema ataandikwa kwamba alijiandikisha lakini hakutoa ushahidi. Ndivyo ilivyoingia kwenye kumbukumbu: hakutoa ushahidi. Kwamba alikuwa akifunga watu bandeji muda huo, fomu haina nafasi ya kuandika hilo.

Upande wa pili alikaa mzee mwenye kofia pana magotini. Tulisalimiana, nikamuuliza kilichomleta. "Kuku," akasema. Nikafurahi, nikafungua kopo la mahamri aliyonifungia mama watoto, nikamkaribisha. Alipomeza la kwanza ndipo akaendelea: amekuja kuupinga ule mswada. Jirani yake anafuga, na ana bahasha ya picha. Akanionyesha: shimo chini ya uzio, kinyesi kwenye kiti cha bustani, panya mmoja aliyetoka na ukungu kwa sababu alikuwa anakimbia. Nikamwambia, mzee wangu, mswada unauachia mji uwapige marufuku majogoo. Akanitazama kwa masikitiko. "Wote huuzwa wakiwa vifaranga," akasema. "Na wote ni majike mpaka siku mmoja atakapowika." Kwa kweli sikuwa na hoja ya kumrudishia. Alikula mahamri manne na hakubadili msimamo hata kidogo.

Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba kila shahidi ana dakika mbili. Kuna kitaa mezani: kijani, njano, nyekundu. Dakika mbili! Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu siku hiyo waheshimiwa wetu wamejua dawa yake ni hema, viti vya plastiki, soda, na daftari la kutia sahihi. Maoni yako yanaweza kupotea njiani. Sahihi yako haipotei, maana ndiyo ya kupeleka mahakamani. Lakini angalau mzee akiinuka, ameinuka. Atatoa salamu kwa Waislamu na kwa Wakristo, atamshukuru chifu, atawashukuru akina mama waliopika, atakumbusha barabara ilivyokuwa enzi zake. Dakika ya pili ya huku ingemkuta bado anamtafuta kwa macho aliyeleta hema.

Hotuba yangu ilianza na salamu za namna hiyo, japo fupi. Nikatoa kalamu nikazifuta zote pale kitini. Mama yangu mzazi asijue.

Kuna siri niliyoigundua kuhusu hizo dakika mbili, nayo inastahili kubandikwa mlangoni: ni za watu wasio na marafiki. Kijana wa suti ya bluu alipokwenda mbele alisema maneno machache tu, taa haijafika hata njano. Kisha mjumbe mmoja akasema ana swali. Je, anaweza kuieleza kamati zaidi kuhusu gharama? Anaweza. Mwingine akataka kujua hali ikoje katika miji mingine. Akamweleza. Maswali na majibu hayahesabiwi kwenye zile dakika. Alikaa pale kwa raha, mguu juu ya mguu, akiulizwa yale hasa aliyokuja kuyasema, hadi taa yenyewe ikazimwa. Kumbe ukitaka kusema sana mbele ya kamati, usiandae hotuba. Andaa mtu wa kukuuliza.

Usiku ukaenda. Mashahidi wa mchana walikuwa wameondoka na walezi wa watoto walikuwa wamepiga simu. Waliosalia ni wanaolipwa kuwepo, waliostaafu, na wabishi. Nikaelewa jinsi mlango huu unavyofanya kazi. Kuingia ni bure, kujiandikisha ni bure, kusema ni bure, hakuna askari wa kukuuliza kitambulisho wala kitu kidogo. Ada yake ni siku yako nzima. Mwenye siku ya kutoa ndiye anayeonekana ni "wananchi", na kamati inaandika kwa moyo safi kabisa kwamba wananchi wamesikilizwa. Mama watoto alinitumia ujumbe: si kuna fomu ya maoni mtandaoni? Ipo. Nikamjibu kwamba mimi nataka wanione uso. Saa hiyo sikujua kwamba nyuso zitakazoniona ni tatu.

Jina langu likaitwa. Likaitwa kwa namna ambayo ilinibidi niangalie kulia na kushoto kama kuna mwingine. Nikaketi mbele ya maikrofoni. Mjumbe mmoja alikuwa anafungua pakiti ya krispi za viazi kwa uangalifu mkubwa ili isipige kelele, na kwa sababu ya uangalifu huo ikapiga kelele muda wote. Mwingine alikuwa anaiangalia simu chini ya meza, mwanga wake ukimpiga kidevuni. Mwenyekiti, nimpe haki yake, alinitazama.

Nikasema jina langu na kwamba naunga mkono. Nikasema mji wetu unamruhusu jirani yangu mbwa watatu, ambao hubweka kuanzia isha hadi alfajiri, hawatagi, na hakuna anayewapimia umbali. Nikasema kuku jike hulala magharibi na kuamka na jua, ratiba ambayo wazazi wengi wangeitamani kwa watoto wao. Ikaja njano. Nikaharakisha kwenye bei ya mayai. Nilikuwa nimefika kwa mama watoto na jokofu la dukani, sehemu yangu bora, ikawaka nyekundu.

"Asante sana kwa kuja," mwenyekiti akasema. "Wajumbe, kuna maswali kwa shahidi?"

Nikasubiri. Niliwatazama mmoja mmoja kwa macho ya kuomba. Pakiti ikalia.

"Hakuna. Asante, bwana."

Baada yangu akaitwa mzee wa kofia. Alieleza vizuri, sauti ya kutetemeka kidogo, na taa nyekundu ikamkuta anavuta picha ya kwanza kutoka kwenye bahasha. Akairudisha. Hakuna maswali. Tukakaa tena pamoja, mimi wa kuunga mkono na yeye wa kupinga, tukiwa tumetoka sare.

Halafu ikaja hukumu: mswada umeachwa ukisubiri. Nikamuuliza mzee maana yake, akasema ndivyo wanavyofanya kwa kawaida. Kamati haipigi kura usiku uleule, mwenyekiti ataurudisha siku atakayopenda, kama atapenda. Ile miswada zaidi ya 8,000 ya 2025, iliyopita ni kama 1,200. Usiofika mwisho siku 140 zikiisha unakufa na kikao, na anayeutaka tena auanze upya kikao kijacho, Januari 2027. Kwetu walinipuuza nikiwa na soda mkononi. Huku wamenipuuza kwa heshima, kwa muda uliopimwa, nikiwa na njaa, maana mahamri aliyamaliza upinzani.

Lakini sikutoka mikono mitupu, nimejifunza kuandika sheria. Ninao mswada wangu tayari kwa kikao kijacho, na natafuta mbunge wa kuuwasilisha. Utamhusu mkazi mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 lakini usiozidi 52, anayeishi katika mji wenye diwani anayeogopa kuku, ambaye ua wake unapakana na mbwa watatu upande wa mashariki, na ambaye ndani ya nyumba yake mna mwanamke mmoja aliyezaliwa Muheza. Mkazi huyo ataruhusiwa kuku sita, na akifika mbele ya kamati yoyote, sharti aulizwe maswali yasiyopungua manne. Simtaji mtu jina. Katiba yao hairuhusu.